Kabla hujagawa dodoso mwaloni

Wadogo zangu mnaoanza saikolojia ya jamii hapa Mwanza, najua mnavyokimbilia kuandika dodoso. Nami nilianza hivyo hivyo. Mada yangu ilikuwa uvaaji wa jaketi okozi kwa wavuvi wa dagaa. Mchana mmoja nikashuka mwaloni, pale mitumbwi ya uvuvi inapoegeshwa, na karatasi zangu, nimeongozana na kiongozi wa pale. Kila niliyemuuliza alijibu kuwa huvaa kila aingiapo ziwani. Nilirudi nyumbani nimefurahi kweli.

Jioni ya siku ya tatu nikakaa juu ya jiwe kuangalia mitumbwi ikitoka. Taa zimepangwa, nyavu zimekunjwa, na majaketi yamo. Moja limekaliwa kama mto. Jingine limefunikia betri isilowe. Mwilini mwa mtu sikuliona hata moja.

Msije mkaandika kwenye ripoti kwamba watu wale ni waongo. Walikuwa wanamjibu mgeni mwenye kalamu, kiongozi wao amesimama pembeni, na swali langu lilishawaonyesha jibu linalotakiwa. Jambo hili halikuanza kwetu. Richard LaPiere, msosholojia wa Marekani, alizunguka nchini kwake mwanzoni mwa miaka ya 1930 pamoja na mume na mke Wachina, wakati ambapo Wachina walibaguliwa sana. Katika hoteli na migahawa 251 waliyopita, walikataliwa mara moja tu. Baadaye akaandika barua kuwauliza wenye sehemu zile kama wangepokea Wachina. Kati ya waliojibu, zaidi ya asilimia 90 walisema hapana. Utafiti huo, uliotoka mwaka 1934, una kasoro: aliyejibu barua huenda siye aliyewapokea mlangoni, na LaPiere mwenyewe alikuwapo safarini. Hata hivyo, mimi husema kila anayeanza fani hii ausome kabla hajaandika swali lake la kwanza.

Kurt Lewin, mwanasaikolojia wa jamii, alifundisha kuwa tabia hutokana na mtu pamoja na mazingira yake. Nami nilikuwa nimemuuliza mtu, mazingira nikayaacha. Niliporudi mwaloni, nilimkuta mzee mmoja anashona wavu, nikamuuliza jaketi linakuwaje mnapovuta.

"Linanasa, mwanangu. Na ukilivaa peke yako, wenzako wanaona umepakia hofu."

Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha mwaka 1951 kuwa watu wanaweza kufuata jibu la wengi hata pale macho yao yanapoona vingine, tena katika kikundi kilichokutanishwa kwa muda mfupi tu kwa ajili ya jaribio. Mtumbwini ni watu mtakaogawana mapato asubuhi.

Kuhusu muda: dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wako nchi kavu, wana nafasi ya kuzungumza, ila kazi yenyewe hutaiona. Nendeni nyakati zote mbili.

Kibali cha serikali ya mtaa ni lazima, lakini hakichukui nafasi ya ridhaa ya mtu mmoja mmoja. Tajiri wa mtumbwi akishasema "mjibuni huyu," kibarua hana pa kukatalia. Subiri mbaki wawili, umuulize upya kama yuko tayari. Akisema hapana, mshukuru, funga daftari, na tajiri asijue kamwe nani alikataa.