Barua kwa mwanangu: Waliolala nyumbani usiku ule

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Mabatini, hapa Mwanza. Sisi huku hatujambo, na mvua zimeanza kunyesha. Umeniandikia kwamba mjukuu wangu ametakiwa shuleni aeleze habari za mji walikotoka wazee wake, naye amechagua Lushoto, kwetu mimi, badala ya Magu kwa marehemu baba yako. Hivyo unataka kujua mji huo ulianzishwa lini, na nani, na una watu wangapi.

Kuhusu mwanzo wake, aandike kwamba Wajerumani ndio waliopafanya makao ya utawala wao mwishoni mwa karne ya 19, wakapaita Wilhelmsthal kwa heshima ya mfalme wao, na kwamba baada ya Waingereza kuitwaa milima yetu ya Usambara mwaka 1916 jina hilo liliachwa, mji ukajulikana kuwa Lushoto. Lakini asianzie hapo. Krapf, mmisionari, alipofika Vugha, makao ya watawala wa Washambaa, mwaka 1848 alimkuta Kimweri ye Nyumbai akitawala nchi yenye mpangilio, na ukoo wake wa Wakilindi ulikwisha kutawala vizazi kadhaa tangu Mbegha, yule mwindaji wa nguruwe ambaye masimulizi yetu husema alitoka Nguu. Mbegha mwenyewe aliwakuta Washambaa wakilima. Awataje pia Wambugu, wafugaji wa kule juu, ambao hadi leo wana lugha ya ndani yenye maneno mengi ya asili ya Kikushi, jamii ya lugha za kina Wasomali, ingawa wamezungukwa na lugha za Kibantu pande zote. Jambo hilo hunistaajabisha kila ninapolifikiri.

Watu wa hapa Mwanza hudhani nimeshuka kutoka mbinguni nikija kwao. Ukweli ni kwamba uso wa ziwa hili uko mita 1,134 juu ya bahari, na Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi. Tofauti haifiki hata mita 300. Kinachotutenganisha ni miteremko, na kwenye miteremko ndiko habari yote ya watu wetu iliko, kwa sababu shamba la mteremkoni haliongezeki, linagawanywa tu. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo na ninarudia: milima ile huzaa watu wengi kuliko inavyoweza kuwalisha. Waingereza waliliona hilo, wakaanzisha kule Mlalo, mwaka 1946, mpango wa kuzuia mmomonyoko. Wakawalazimisha watu kuchimba matuta, kazi iliyowaelemea zaidi akina mama, na watu wakaukataa.

Ndipo nafika kwenye idadi, ambayo siwezi kuitaja bila kumkumbuka bibi yako.

Mwezi Agosti 1967 karani wa sensa alifika nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa darasa la nne, na kwa kuwa mama alikijua zaidi Kishambaa, nilisimama mlangoni nikiwa mkalimani, nikijiona mtu mkubwa. Karani aliuliza ni nani waliolala katika nyumba ile usiku wa kuhesabiwa. Mama alitutaja watoto wanne, akajitaja mwenyewe, kisha akalitaja jina la baba. Karani akaandika. Nami, bila kuulizwa, nikasema kwa Kiswahili safi cha shule, "Baba hayupo, yuko kambini kwenye mkonge, ana miezi saba hajaja." Karani alinisifu kwa kusema kweli, akalikata lile jina kwa mstari mmoja. Neno "hayupo" mama alilielewa. Alikuwa na desturi ya kumwekea baba chakula chake kila jioni katika bakuli lililofunikwa, ambacho tulikila sisi asubuhi. Jioni ile hakuliweka, wala jioni iliyofuata. Hakunigombeza hata siku moja, na laiti angenigombeza.

Nilifundisha hisabati miaka mingi, kwa hiyo naijua hoja ya karani na ninaikubali. Baba alihesabiwa kambini. Angehesabiwa na kwetu, taifa lingekuwa na watu hewa. Hata hivyo, tazama matokeo ya mwaka 2012: wilaya ya Lushoto ilikuwa na watu 492,441, wanaume 230,236 na wanawake 262,205. Wanawake wamezidi kwa karibu 32,000. Kwangu mimi pengo hilo ni yale mabakuli. Mjukuu wangu aziandike namba zote tatu, asiishie kwenye jumla.

Utasema kwamba najipinga, kwa maana milima ninayodai haiwezi kulisha watu wake ndiyo inayopeleka Dar es Salaam kabichi, karoti, nyanya na matunda damu, malori yakiteremka kupitia Soni hadi Mombo. Ni kweli, na nimelifikiria sana. Huenda msemo wangu ulikuwa sahihi enzi za mama tu. Lakini anayelima kabichi zile mara nyingi ana mtoto mmoja Tanga na mwingine Dar es Salaam, nami niko huku ziwani. Bado naona milima ile huzaa watu wengi kuliko inavyoweza kuwalisha.

Kati ya mama na karani, usinitake niseme nani alikuwa na haki. Kalamu inanivuta upande mmoja, lakini naizuia.

Sensa ya mwaka 2022 karani alikuja hapa, kijana mwenye adabu na kishikwambi chake. Nilijitaja, nikamtaja mdogo wako, kisha nikalitaja jina lako. Akaniuliza kama ulilala hapa. Nikamwambia uko Dodoma. Akasema, "Basi mama, atahesabiwa huko." Nikamjibu kwamba najua.

Mama yako