Nimetoka HGL, nimekutana na sodiamu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Kibirizi, hapa hapa Kigoma, baba yangu ni mvuvi wa dagaa. Nasoma chuo mwaka wa kwanza, ualimu na saikolojia. Nilidhani saikolojia ni malezi, ushauri nasaha, kuzungumza na watu. Muhula huu tumepewa saikobaiolojia, tena ni kozi ya lazima. Kidato cha tano na sita nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), na baiolojia niliiaga kidato cha nne nikiwa na D yangu. Sasa ni seli za neva, sodiamu, potasiamu, na sehemu za ubongo zenye majina kama ya dawa. Waliotoka CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) wanatucheka. Jaribio la kwanza nimepata 7 kati ya 20. Wenzangu wanasema nikariri madesa ya mwaka jana, eti maswali hayabadiliki. Naogopa sapu, yaani kurudia mtihani. Nipo nyumbani wiki mbili, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo saba yako umenizidi. Mimi jaribio la kwanza la kozi hiyo nilipata 6, na nilitoka CBG! Kwa hiyo wanaocheka waache wacheke, zamu yao inakuja.

Nilikuwa nimekariri kila jina. Swali likaja: kwa nini ukichomwa sindano ya ganzi husikii jino likingʼolewa? Nikajaza kurasa mbili: dendraiti, aksoni, maielini, sinapsi, zote nimeziandika bila kosa la herufi. Mhadhiri akarudisha karatasi na maneno matatu kwa wino mwekundu: "Na jino je?" Nilimchukia wiki nzima.

Nilikuja kuelewa likizo, nikiwa stesheni ya Kigoma nasubiri treni ya kwenda Tabora. Unaijua hali ya pale. Nje ya geti watu wamebanana na magunia ya dagaa na madumu ya mawese, ndani kuna nafasi, na kila mtu nje anataka kuingia. Sodiamu ndiyo hao wa nje. Seli ya neva ikiwa imetulia, ndani yake chaji iko chini kuliko nje kwa milivolti kama 70, na ukutani kuna pampu isiyochoka: kila mzunguko inatoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani. Ujumbe ukifika, mageti madogo ya sodiamu yanafunguka, umati unamwagika ndani, kufumba na kufumbua mageti yamefungwa. Hapo yanafunguka mageti mengine, potasiamu inatoka, hali inarudi ilivyokuwa. Ila msukosuko huo umeshagutusha geti la jirani, nalo linafunguka, na la jirani yake, na la jirani yake. Hakuna sodiamu hata moja inayokimbia kutoka kidole cha mguu hadi mgongoni. Kinachosafiri ni zamu ya kufungua mageti. (Mfano wangu una tobo: abiria hawana chaji. Usiuandike kwenye mtihani.)

Sasa rudi kwenye jino. Dawa ya ganzi, kama lidokaini, inaziba mageti ya sodiamu. Jino linangʼolewa, neva imeguswa, lakini geti la kwanza halifunguki, basi la pili halina wa kuligutusha. Habari ya jino inabaki kwenye jino. Jibu lote lilikuwa hilo, mistari minne.

Kwa hiyo anzia hapo. Chukua daftari lisilo na mistari, chora kipande cha aksoni, ule uzi mrefu wa seli ya neva unaopitisha ujumbe, weka sodiamu nje na potasiamu ndani, kisha zisogeze kwa mishale, hatua baada ya hatua, huku unasema kwa sauti na kwa Kiswahili. Ukikwama kusema, ujue hapo ndipo hujaelewa. Kiingereza cha mtihani utakiongeza baadaye. Tena usione aibu kwamba jambo ni gumu: wanasayansi Hodgkin na Huxley walioeleza mwendo huo mwaka 1952 ilibidi wamtumie ngisi, kwa sababu ana aksoni nene, zinafika unene wa milimita moja hivi, unaweza kupitisha waya ndani yake. Ziwa letu halina ngisi. Mimi wa kwanza nilimwona soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, nikasimama namkodolea macho mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au naswalia.

Majina ya sehemu za ubongo ni kazi nyingine. Usiyakariri kama orodha ya mawaziri. Kila jina litafutie mtu. Mimi hipokampasi naikumbuka kwa Henry Molaison, Mmarekani aliyesumbuliwa na kifafa. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari alimtoa sehemu kubwa ya hipokampasi, pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kushika jambo jipya. Ukitoka chumbani ukarudi, anakusalimu upya. Mtafiti Brenda Milner akampa kazi ya kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo tu. Kila siku Henry alisema hajawahi kuifanya, na kila siku mkono wake ulizidi kuiweza.

Nilijaribu mwenyewe nyumbani Ujiji. Nilichukua kioo cha baba cha kunyolea, nikakiegemeza kwenye sufuria, nikauficha mkono nyuma ya kitabu. Kalamu ilinikimbia kila kona. Nataka iende kulia, yenyewe inapanda juu. Mdogo wangu alicheka hadi akapaliwa. Siku ya tatu nilizunguka nyota nzima bila kutoka nje ya mstari. Mtihani ulipouliza tofauti ya kumbukumbu ya mambo na kumbukumbu ya ustadi, nilikuwa bado naiona ile sufuria.

Na wewe una baba. Sura ya usingizi isome ukiwa naye. Juu kidogo ya pale neva za macho mawili zinapopishana kuna kikundi cha seli kama 20,000 kinachotunza saa ya mwili, na saa hiyo inarekebishwa na mwanga. Baba anarudi kutoka ziwani jua linachomoza, macho yanaiambia saa kumekucha, na yeye ndiyo kwanza anatafuta mkeka. Halafu mbalamwezi ikikolea, taa za kuvulia hazivuti tena dagaa, mitumbwi inakaa pwani, na baba anarudi kulala usiku. Muulize usiku wa kwanza wa mapumziko analalaje. Andika atakachosema. Wenzako wa CBG hawana mtu wa kumuuliza.

Madesa? Yasome, sitajifanya mimi sikuyasoma. Yasome wiki ya mwisho, ujue mhadhiri anapenda kuuliza kwa mtindo gani. Ukianza nayo utaandika majina kurasa mbili kama mimi.

Ah, na mtafika kwa sokwe. Sisi tulipofika, ukumbi una watu mia mbili na ushee, ikatokea picha ya sokwe anachovya jani kwenye kichuguu atoe mchwa, jambo ambalo mtafiti Jane Goodall aliliona Gombe mwaka 1960. Mhadhiri akauliza, hapa ni wapi? Nikapaza sauti: kwetu! Boti za kwenda hifadhi hiyo ya Gombe zinaondokea hapo hapo Kibirizi, mlangoni kwenu. Muhula mzima sikuwa nimefungua mdomo.

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nasoma kozi hiyo hiyo. Tumefundishwa kwamba jinamizi linalokukaba usiku ni ubongo tu. Nilimweleza bibi, huko Uvinza, akaniambia chuo kimeniharibu. Nimjibu nini?

JIBU: Usimjibu kitu, mwulize yeye alikabwaje. Atakueleza sura nzima ya kitabu: macho yanaona chumba, mwili hausogei, kifua kizito, kuna mtu pembeni. Katika usingizi wa ndoto ubongo unaizima misuli ili usiinuke ndotoni ukapigana na ukuta. Mara nyingine akili inaamka kabla misuli haijaachiwa, na ndoto haijakwisha. Dakika chache, unafunguka. Kukosa usingizi wa kutosha kunaongeza, na ninyi wa kukesha na madesa mnalijua hilo. Kulala chali nako kunaongeza. Bibi yako bila shaka amekwambia usilale chali. Geuka ulale ubavu.