Fataki mpya hazipendi kusahauliwa ghalani

Kwa miaka mingi nimetunza ghala la silaha la kampuni ya ulinzi hapa Mbeya, na walinzi wetu wametawanyika kuanzia Mafinga na Makambako hadi Tukuyu na Kyela. Swali ninaloulizwa kuliko yote, na wakulima wenye bunduki za marisau kama ilivyo kwa wafanyabiashara wenye bastola, ni hili: risasi hukaa miaka mingapi kabla haijaharibika? Wanataka niwatajie namba. Mimi huwauliza kwanza zimewekwa wapi, halafu nawaomba wanionyeshe boksi lake, kwa sababu siku hizi kuna risasi za aina mpya zenye fataki zisizo na madini ya risasi (lead), na hizo zina masharti yake.

Fataki ni kile kikombe kidogo kilicho katikati ya kitako cha ganda. Pini ya bunduki hukigonga, mchanganyiko uliomo ndani unawaka, moto unapita kwenye tundu na kuwasha baruti. Risasi yote inategemea chembe hiyo. Ganda linaweza kung'aa na baruti ikawa nzima, lakini fataki ikifa umeshika chuma tu.

Fataki za zamani kabisa zilitumia zebaki, kisha zikaja zenye chumvi ya potasiamu. Hizi za pili ziliwaka vizuri hata baada ya miaka mingi, ila mabaki yake yalivuta unyevu na kula mtutu. Wazee waliowahi kushika .303 za Kiingereza wanakumbuka walivyosafisha mtutu kwa maji ya moto kila baada ya kufyatua, na walikuwa sahihi, maana mafuta peke yake hayayeyushi chumvi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Wajerumani walileta mchanganyiko unaotegemea kiini cha madini ya risasi, yaani stifneti ya risasi, ukichanganywa na nitreti ya bari (bariamu, metali nzito) na madini ya antimoni. Ndio uliotawala dunia hadi leo. Hauli mtutu, haunyonyi maji kirahisi, unavumilia joto na baridi. Risasi za kijeshi zilizofungwa vizuri kwa mchanganyiko huo hulipuka bila shida baada ya miongo kadhaa.

Kasoro yake ni sumu. Kila unapofyatua, mvuke wa madini ya risasi na bari hutoka mbele yako na unauvuta. Kwenye uwanja wa shabaha wa wazi, upepo wa Uyole unaupeleka mbali. Ndani ya jengo, mwalimu wa shabaha anayesimama hapo siku nzima huujaza mwilini, na akirudi nyumbani mtoto anaupata kwenye nguo na mikono yake. Ndiyo maana miaka ya 1980 viwanda vya Ulaya na baadaye vya Marekani vilianza kutengeneza fataki zisizo na metali hizo nzito. Nyingi kati ya hizo zinatumia dayazodinaitrofenoli badala ya stifneti ya risasi. Ni kemikali ya siku nyingi, iligunduliwa mwaka 1858, lakini kuifanya iwake kwa uhakika ndani ya kikombe kidogo, kwenye baridi na kwenye unyevu, imekuwa kazi ngumu.

Naziunga mkono fataki hizi kwa moyo wote pale zinapostahili. Afya ya walinzi wangu ni jukumu langu. Ila sizichukulii kama risasi za akiba, na sishauri mtu yeyote wa Nyanda za Juu Kusini azichukulie hivyo. Mchanganyiko wake ni mwepesi zaidi kuathiriwa na unyevu, hupoteza wepesi wa kuwaka kwenye baridi kali, na aina nyingi zinahitaji kugongwa kwa nguvu kuliko zile za kawaida. Bastola iliyolegea springi, ambayo bado ingewasha fataki ya kawaida, inaweza kuishindwa hii. Risasi ikigoma, watu wanalaumu kiwanda, kumbe springi ya pini imechoka. Kabla ya kununua boksi la pili, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni aangalie springi na urefu wa pini.

Utazitambuaje? Hapa wengi wanakosea. Boksi likiandikwa "Lead-Free", mara nyingi maana yake ni kwamba kichwa cha risasi ni shaba tupu, au marisau ni ya chuma. Fataki yake inaweza kuwa ile ile ya kawaida. Soma mpaka mwisho utafute neno linalotaja fataki yenyewe. Baadhi ya viwanda vya Marekani hupiga herufi NT, yaani isiyo na sumu, kwenye kitako cha ganda, na kuna majina ya biashara kama WinClean ya Winchester, BallistiClean ya Federal na Sintox ya Ujerumani ambayo yalianza kwa lengo hilo hilo la kupunguza sumu. Hata hapo viwanda hubadilisha mchanganyiko bila kubadilisha jina, kwa hiyo boksi la leo na la zamani lenye jina moja si lazima yafanane. Muulize muuzaji, na kama hajui, mwambie akuonyeshe karatasi ya kiwanda.

Sasa tuje kwenye hali yetu ya hewa, maana ushauri ulioandikwa kwa ajili ya watu wa nchi zenye hewa kavu hautusaidii. Rungwe mvua haiishi. Mufindi ukungu unashuka kwenye chai hadi saa nne asubuhi, na Juni na Julai kule Makete, hasa Kitulo iliyo zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, nyasi zinageuka nyeupe kwa jalidi. Halafu unashuka kutoka Tukuyu, unajikuta Kyela kwenye joto la Ziwa Nyasa. Mlinzi aliyelala lindo Isongole akaamkia kazi Kyela amebeba chuma baridi kukipeleka kwenye hewa yenye joto na maji. Chuma kinatoka jasho. Jasho hilo hupenya mahali popote penye upenyo: pembeni ya fataki, kwenye shingo ya ganda, kwenye mkunjo wa mdomo wa ganda la marisau.

Risasi za kijeshi huzibwa kwa rangi maalumu kuzunguka fataki, utaona kiduara chekundu, kijani au cha zambarau. Risasi nyingi za kiraia hazina ulinzi huo. Ukiwa na chaguo, nunua zilizozibwa, hata kama bei imepanda kidogo.

Ghala la bati lisilo na dari ni adui mwingine. Mchana linachemka, usiku linapoa, na kila linapopoa unyevu unatua. Hapo risasi huzeeka haraka kuliko zikiwa kwenye chumba cha tofali chenye joto la wastani. Joto nalo lina kazi yake mbaya kwenye baruti. Baruti ya kisasa huoza polepole yenyewe, na viwanda huweka dawa ndani yake ya kumeza gesi inayotokana na kuoza huko. Kadiri joto linavyopanda ndivyo dawa inavyoisha. Baruti iliyoisha dawa hunuka kama asidi na huacha vumbi la rangi ya kutu. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani Igawa au Chimala hupata joto ndani kupita kwa mbali lile la nje. Usiache risasi humo, iwe ya fataki mpya au ya zamani, na kisheria pia huruhusiwi kuitelekeza silaha namna hiyo.

Nimekuta vijijini watu wanaficha risasi darini juu ya jiko, pale mbegu za mahindi zinapotundikwa zipate moshi. Kwa mbegu ni hekima ya wazee, moshi unafukuza dumuzi. Kwa risasi ni hatari mara mbili: joto linapanda na kushuka kila siku, na nyumba ikishika moto umewawekea watoto wako na majirani wanaokuja kuzima kitu kinachopasuka na kurusha vipande vya shaba.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Risasi zinabaki kwenye boksi lake la kiwandani, na boksi linaingia kwenye kasha la chuma lenye mpira mdomoni. Ndani naweka vifuko vya kunyonya unyevu, vile vinavyokuja na viatu na redio, navikausha tena vikilowa. Kasha halifunguliwi siku ya ukungu. Likitoka kwenye baridi kuja kwenye joto, naliacha limefungwa mpaka lipate joto la chumba, ndipo nalifungua, na hapo jasho linabaki nje ya kasha badala ya kutua juu ya fataki. Kila kasha lina karatasi: tarehe ya kununua, namba ya toleo la kiwanda, aina ya fataki. Kongwe hutumika kwanza mazoezini, mpya zinaingia akiba.

Mafuta weka mbali kabisa. Kijana akipewa risasi yenye doa hukimbilia kuifuta kwa mafuta ya kupenya kutu, yale ya kopo la kupuliza. Mafuta hayo yametengenezwa kupenya, na yanaweza kufika hadi kwenye fataki na kuiua. Kitambaa kikavu kinatosha. Mikanda ya ngozi yenye vifuko vya risasi nayo inapendeza machoni, lakini ngozi hulainishwa kwa kemikali zinazotoa kutu ya kijani kwenye shaba. Ivae ukienda kazini, usihifadhie risasi humo.

Kuna jambo kwenye kampuni za ulinzi ambalo linanisumbua kuliko yote. Mlinzi anapewa risasi zile zile kila zamu. Anaziingiza, anazitoa asubuhi, anamkabidhi mwenzake, kesho tena. Miezi inapita. Kwenye bastola, risasi moja ile ile ikigonga chemba kila siku, kichwa chake kinasukumwa ndani ya ganda, na baruti ikibanwa hivyo mgandamizo huwa mkubwa kupita ulivyopangwa. Mchanganyiko wa fataki nao unaweza kumeguka kwa kutikiswa hivyo kila siku. Kuna idara ya polisi Marekani iliyowahi kuwaonya askari wake kuhusu hilo baada ya risasi kugoma wakati wa hatari. Kwangu, risasi iliyoingia na kutoka chemba inawekwa alama kwa kalamu ya wino, na ikirudiwa inahamishiwa mazoezi. Nikiona kichwa kimezama ukilinganisha na wenzake, haipigwi kabisa. Maganda ya marisau ninayapima kwa kuyatumbukiza kwenye chemba ya bunduki iliyofunguliwa kwenye uwanja wa shabaha: la plastiki lililovimba au la karatasi lililonyonya maji haliingii vizuri, na usilisukume kwa nguvu.

Ni muda gani basi? Kwa fataki ya kawaida, iliyotunzwa kavu na pasipo joto, sina wasiwasi na miaka 10, na huwa nazipeleka mbali zaidi ya hapo kwa mazoezi. Kwa fataki isiyo na madini ya risasi mimi huzitumia mazoezini mapema, ndani ya miaka michache tangu kununuliwa, na sizipangi kwa lindo la usiku Makete. Hilo ni amri yangu ya ghala, si namba ya kiwanda. Mwenye bastola moja na boksi moja nyumbani afanye rahisi: kila mwaka apige sehemu ya boksi kwenye uwanja ulioruhusiwa, kwa silaha atakayoitegemea, ikiwezekana asubuhi ya baridi, na anunue mpya kufidia. Zikigoma hata chache, boksi lote litoke kwenye akiba.

Siku risasi ikigoma, namna unavyotulia ndiyo inayokuokoa. Mlinzi mmoja kijana aliniita uwanjani, "Mkuu, imegoma," na mkono wake tayari uko kwenye bolti. Nikamwambia, "Usifungue, mwanangu. Mtutu mbele, kwenye kichuguu." Tukasubiri. Fataki iliyodhoofika inaweza kuwasha baruti kwa kuchelewa, na ukiwa umefungua chemba ganda linapasukia usoni. Subiri sekunde 30 mtutu ukiwa umeelekea mahali salama, ndipo ufungue uso ukiwa pembeni. Angalia alama ya pini kwenye fataki. Alama iliyobonyea vizuri inaonyesha fataki imekufa. Alama hafifu inakuelekeza kwenye springi.

Mlio ukiwa hafifu, kama mtu aliyefungua soda, simama papo hapo. Fataki ilisukuma kichwa lakini baruti haikuwaka sawasawa, na kichwa kinaweza kuwa kimekwama katikati ya mtutu. Risasi inayofuata itaupasua. Toa kila kitu, hakikisha chemba ni tupu, kagua mtutu kabla ya lingine lolote.

Iliyogoma usiipasue kutafuta baruti, usiizike shambani, usiitupe chooni wala kwenye moto wa takataka. Weka kwenye chombo chake peke yake, kiandike, upeleke kituo cha polisi ulikosajili silaha yako. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 risasi nazo zinadhibitiwa kama silaha, kwa hiyo hata zile mbovu zihesabiwe. Hakikisha ofisa anaandika idadi aliyopokea, na wewe ubaki na nakala. Ukienda na daftari lako la ghala, hata daftari la shule la shilingi chache, mazungumzo pale kaunta huwa mafupi na ya heshima.