Maswali ya wasomaji: Darasa la watu 72, nani anasikika?

SWALI: Nafundisha Baiolojia kidato cha pili, shule ya kata. Darasa lina wanafunzi 72. Tunahimizwa kumweka mwanafunzi katikati ya somo, lakini nikiwagawa makundi wawili wanaandika, wengine wanapiga soga. Nikiuliza swali, kimya. Nifanyeje?
Mwalimu, Buhongwa

JIBU: Mwalimu, anza na ukubwa wa kundi. Ukigawa makundi manane, kila moja lina watu tisa, na karatasi moja haiwezi kuwapa watu tisa kazi. Usisogeze dawati hata moja: wawili wa mbele wageuke kuwatazama wawili wa nyuma yao. Hapo una makundi 18 ya watu wannewanne.

Kimya kina sababu mbili. Kwanza lugha. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa anatakiwa afikiri na ajieleze kwa Kiingereza papo hapo. Waache wajadiliane kwa Kiswahili, kisha jibu litolewe kwa Kiingereza, wakisaidiwa na mianzo mitatu ya sentensi uliyoiandika ubaoni. Pili, haraka ya anayeuliza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde moja tu. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yalirefuka na waliojitolea kujibu wakaongezeka. Hesabu moyoni mpaka tano.

Na swali lenyewe liwe na cha kujadili. "Taja sehemu za samaki" halihitaji kundi. Uliza: kwa nini dagaa walioanikwa mchangani huwahi kuharibika kuliko wa kwenye chanja? Aliyekulia karibu na mwalo, yaani ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, amewaona wa mchangani wakiwa wamekauka juu, chini bado wabichi na wamejaa mchanga. Huyo ana la kusema. Wewe unamwongezea unyevu, mzunguko wa hewa na bakteria.

Kipindi cha dakika 40 kigawe hivi: swali na maelekezo 5, kila mmoja aandike peke yake 3, kundi 8, makundi manne yawasilishe 12, masahihisho na muhtasari 7. Dakika 5 za mwisho, kila mwanafunzi aandike kwenye robo karatasi alichoelewa na kilichomchanganya. Zile dakika tatu za peke yake ndizo huachwa kwanza muda ukibana, na hapo ndipo kazi huharibika: mwepesi wa kusema analibeba kundi zima, na mara nyingi msichana anaachiwa kuandika tu. Kila mwanakikundi awe na namba, 1 hadi 4, na msemaji apatikane kwa kuokota namba baada ya majadiliano, si kabla.

Robo karatasi 72 hazisahihishwi. Zipange mafungu matatu: wameelewa, nusunusu, bado. Fungu la tatu ndilo lifungue kipindi kijacho, bila kutaja jina la mtu.

SWALI: Daftari la binti yangu wa kidato cha tatu halina notisi ndefu kama enzi zetu. Anasema wanajadiliana. Mtihani ataufaulu kweli?
Mzazi, Igoma

JIBU: Mama, mwambie akueleze somo la leo kwa Kiswahili, dakika tano, daftari likiwa limefungwa. Akiweza, usiwe na wasiwasi. Daftari nalo lazima liwe na muhtasari alioandika mwenyewe na maswali aliyojibu peke yake, kwa sababu mtihani wa kidato cha nne haufanywi na kundi. Ukikuta wiki tatu hakuna kitu zaidi ya majina ya wanakikundi, nenda ukamwone mwalimu wa taaluma.

SWALI: Shikamooni. Shuleni tuna sanduku la maoni lakini halina kitu. Wenzangu wanasema walimu wanajua miandiko yao, na tena hakuna linalojibiwa. Baraza nalo limekuwa la matangazo tu.
Dada mkuu, Buswelu

JIBU: Marahaba, dada mkuu. Wenzako wana haki. Ombeni sanduku liondolewe mlangoni mwa ofisi ya walimu, lifungwe kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa mwalimu wa malezi, mwingine kwako. Lifunguliwe Ijumaa moja baada ya nyingine. Kuhusu mwandiko, kila darasa likusanye hoja zake kwenye kikao chake, na kiongozi wa darasa aziandike zote kwa mkono wake.

Hoja iwe na hesabu. "Vyoo vibovu" haina pa kuanzia. "Choo cha wasichana kina matundu 8, milango 3 haina komeo" inamwonyesha mkuu wa shule anunue nini na kiasi gani. Anzeni na jambo kama hilo, linaloweza kumalizika ndani ya wiki mbili, ndipo wenzako waamini.

Kisha bandikeni jedwali: hoja, anayeishughulikia, jibu, tarehe. "Hapana" yenye sababu ni jibu; nafasi tupu ndiyo inayowavunja moyo. Baraza lifunguliwe kwa kusoma jedwali hilo kabla ya tangazo lolote. Mkiambiwa mnajitafutia makuu, Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu.

Karatasi inayotaja kupigwa kupita kiasi au kuguswa mwili isiingie kwenye jedwali wala kusomwa barazani. Imfikie mwalimu wa malezi siku hiyohiyo, na kama anayelalamikiwa ni yeye, pigeni 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.