Mwenzetu Haongei, Tufanyeje?

Shikamoo mwalimu. Kundini kwetu kuna mwenzetu kahamia kutoka Buhigwe. Tukimtania kwa lafudhi yake ya Kiha anainama, na sasa haongei kabisa. Tumekosea? (Kidato cha Tatu, Mwanga)

Marahaba. Ndiyo, mmekosea. Mtani akikurushia neno, unamrudishia. Huyu harudishi, kwa hiyo hapo hakuna utani, mnamcheka tu. Acheni leo, mkamwombe radhi bila kumjazia watu. Kisha mpeni kazi ambayo bila yeye kundi linakwama, si kubeba chati.

Tena msidhani kila mkimya ana aibu. Nikifundisha Ujiji nilikuwa na msichana aliyekaa mwisho wa dawati, hajibu kitu, wenzake wakisema anaringa. Siku moja nikamwona anageuza shingo nzima kila mtu alipoongea. Sikio la kushoto lilikuwa halisikii. Tukamhamishia upande wa pili, basi. Wiki ileile alimsahihisha kiongozi wa kundi.

Mchezaji wetu wa netiboli hukosa mazoezi ya jioni, anamsaidia mama yake kuanua dagaa. Wenzangu wanataka atolewe kabla ya UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. (Kapteni, Ujiji)

Msimtoe. Muulizeni nafasi yake kabla ya kupanga ratiba. Siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hupumzika, dagaa hupungua. Wekeni mazoezi mazito wakati huo.

Nikisema wajigawe makundi, walewale wawili hubaki. (Mwalimu, Kasulu)

Gawa wewe, mwalimu mwenzangu. Kusimama mbele ya darasa ukingoja kuchaguliwa kunauma mno. Mwaka 1971, huko Austin, Texas, shule zilipoanza kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali, mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waligawa somo vipande: kila mtoto alishika chake, akawafundisha wenzake. Ukimdharau, unakosa kipande chake. Jaribu na mzunguko wa damu: mmoja moyo, mwingine mishipa, mwingine chembe za damu. Ila wenye kipande kilekile kutoka makundi yote wakutane kwanza, ili anayesoma kwa shida asirudi kwa wenzake mikono mitupu. Ukiruka hatua hiyo utamwaibisha yuleyule uliyetaka kumsaidia.

Na kama asiyekubalika ni mimi? (Bila jina)

Pole sana, mwanangu. Usianze na kundi zima, anza na mmoja. Muombe mfanye swali moja pamoja. Wakikutukana au kukupiga, mwambie mwalimu wa malezi siku hiyohiyo. Asipokusikiliza, niandikie tena.