Ajenti mwenzangu, uza pale SHA inapokomea

Januari 2025 ilinikuta nimeketi na daftari la wateja, nikipiga mistari. Nilikuwa na familia 60 za kava ya matibabu hapa Mombasa, na 19 hazikulipia mwaka mpya. Ajenti wa bima hana mshahara. Kamisheni za wateja wanaorudi ndizo nilizokuwa nikizitegemea kwa karo ya muhula wa kwanza, na mwaka huo karo niliikopa.

Sababu ilikuwa wazi. Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, bima ya afya ya serikali ya Kenya, iliondoka, SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ikaingia mahali pake, na kila mwajiriwa akaanza kukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, bila kikomo cha juu. Mteja wangu wa mshahara wa shilingi 120,000 kwa mwezi alikuwa akikatwa 1,700. Sasa anakatwa 3,300. Hapo kuna makato ya lazima ya mradi wa serikali wa nyumba pia, 1,800. Nilipompigia kumkumbusha kava yake alinijibu, "Kaka, bima nishalipa kwa lazima. Nilipe mara mbili?"

Nilikosea kwa kubishana naye. Nilianza kuisema SHA vibaya: leo mfumo umezima, kesho hospitali fulani haipokei. Usifanye hivyo. Mteja akikusikia anajua unatetea tumbo lako, na isitoshe unawakosea haki wengine. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kila wiki hana kampuni binafsi itakayomkubali leo kwa bei anayoiweza. Kwake SHA ni uhai.

Aliyenifunza ni mteja mmoja, karani wa kampuni ya forodha, miongoni mwa wale 19. Aprili alijifungua kwa upasuaji katika hospitali ya binafsi. Saa nne usiku alinitumia picha ya bili kwenye WhatsApp, bila neno hata moja. Jumla 146,000. Chini yake mstari mmoja: SHA, 30,000. Zilizobaki, 116,000, ndugu na wenzake wa kazini walikuwa wakizichanga usiku huohuo ili mama na mtoto waruhusiwe kutoka. Kava aliyoiacha Januari ilikuwa na 100,000 za uzazi. Nilipokuwa nikibishana naye pia juu ya mifumo alikuwa na mimba ya miezi sita, na mimi sikumuuliza hata hali yake.

Tangu siku hiyo natembea na jedwali la malipo ya SHA, na nakuomba ulijue kwa moyo kabla hujapiga simu nyingine. Kulazwa hospitali ya kiwango cha 4 hulipiwa 3,360 kwa siku, cha 5 ni 3,920, cha 6, ambacho ndicho cha juu kabisa, ni 4,480. Kujifungua kawaida 10,000, kwa upasuaji 30,000. Kisha muulize mteja: ukiugua, utakwenda wapi? Akikutajia hospitali, piga simu pale mbele yake uulize kitanda ni pesa ngapi kwa siku. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo bidhaa yako sasa. Na kama anatibiwa hospitali ya umma na hana mpango wa kuhama, mwambie ukweli kwamba SHA inamtosha. Mimi nimewaambia hivyo wateja wanne, na wawili kati yao wamenunua kwangu bima ya gari.

Anayetaka kuacha, mweleze jambo moja kabla hajaacha: akirudi baadaye, kipindi cha kusubiri, yaani muda ambao kava bado hailipi, huanza upya. Kwa uzazi, kampuni nyingi hutaka miezi kumi au zaidi. Akishindwa na bei, mpunguzie. Ondoa matibabu ya nje, yale yasiyohitaji kulazwa, abaki na kulazwa na uzazi. Kamisheni yako itashuka, lakini mteja hatapoteza nafasi yake.

Kodi nayo wengi wetu tunaisahau. Kava ya matibabu ya binafsi humpa mlipa kodi nafuu ya asilimia 15 ya alicholipa, isizidi 60,000 kwa mwaka. Aliyelipa 40,000 anapata nafuu ya 6,000. Mpe cheti cha bima akipeleke kwa wanaoandaa mishahara kazini kwake, na ufuatilie mpaka akuonyeshe slipu ya mshahara yenye nafuu hiyo. Usimwachie peke yake, maana wengi hawapeleki.

Wasiojiandikisha SHA nawasaidia bure, kwa *147# au kwenye tovuti, dukani kwao Kongowea au popote walipo. Dakika kumi tu, na jina langu linabaki kwenye simu yao.

Yule karani alirudi mwaka huu. Nilimwandikia kava ya kulazwa na uzazi pekee, bei chini ya nusu ya ile ya zamani. Alipomaliza kulipa alifungua simu yake akanisomea namba za wenzake watatu wa ofisini, mmoja wao akiwa na mimba changa. Huyo nilimweleza waziwazi kwamba kwa mtoto huyu muda umepita, na tukakaa naye kupanga hospitali ambayo SHA itamtosha.