Mashine nimeihamisha, wateja hawajahama

Mhariri, habari za kazi. Wiki hii mmeuliza, ukitoka kwenye mfumo mmoja wa kompyuta ukaenda mwingine, ni kitu gani kinachukua muda kukizoea? Mi nina steshenari huku Nyegezi, Mwanza, nachapa, naprinti, natoa kopi, najazia watu fomu za mtandaoni, na mashine yangu ya kaunta niliitoa Windows 10 nikaipeleka Linux Mint. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba mfumo wenyewe wala hausumbui sana, kinachosumbua ni kwamba umehama peke yako. Mteja bado yuko Windows, flashi yake imetoka Windows, utafiti wake kauandikia Word, kadi yake ya send-off imetengenezwa kwa Publisher, na wewe ndo unageuka kivuko cha Kamanga, asubuhi mpaka jioni unavusha mizigo ya watu kwenda na kurudi.

Sababu ya kuhama wengi mnaijua. Windows 10 ilitoka 2015 na Microsoft walishatangaza mapema kwamba apdeti zake za kawaida zinaisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki siku hiyo, kuna watu walidhani zitagoma kuwaka, hapana, inaendelea vizuri tu ila matundu ya usalama yakigundulika hayazibwi tena, labda ujiandikishe kwenye ule mpango wa nyongeza ambao nao ni mpaka Oktoba 2026. Sasa kwa mtu anayetumia kompyuta yake mwenyewe nyumbani anaweza kusema potelea mbali, ila steshenari flashi za mtaa mzima zinapita kwenye mashine moja, leo ya mwalimu, kesho ya mwanachuo, keshokutwa ya katibu wa kikoba. Na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, wakati laptopu used tunazonunua mjini nyingi ni za kizazi cha 4, cha 6 hivi. Mafundi wanajua kuilazimisha ikubali, siwalaumu, ila mi sikutaka mashine inayonipa hela ya kula iwe inaishi kwa kulazimishwa.

Fundi wangu, kijana mmoja wa mjini, akaniambia "dada hii laptopu mbona nzima kabisa, tuipige Mint tu." Nikamuuliza itaprinti? Maana mi mengine yote nitavumilia lakini isipoprinti nafunga. Akasema tusibishane, tuijaribu kwanza, akaiweka kwenye flashi akawasha mashine kwa ile flashi bila kugusa diski yangu hata kidogo, na hili ndo jambo ambalo ningependa kila anayesita alijue, unaweza kukaa nayo hivyohivyo inatembea kwenye flashi, ukajaribu waifai, sauti, printa, usipoipenda unazima unachomoa na Windows yako iko palepale. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine ile iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, haiuzwi, na inakuja kwa sura tatu, Cinnamon, MATE na Xfce. Mashine yangu ina RAM ya GB 4 kwahiyo tukaweka Xfce ambayo ndo nyepesi. Printa ya matanki ya wino ilijitambulisha yenyewe nikabaki nimeduwaa. Ile ya leza ikaleta kiburi, ikabidi kutafuta draiva yake na bando likaondoka, ila ikakaa.

Haya, sasa kuzoea. Sura yake haina shida, menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, hata bibi yangu angeielewa. Hakuna C wala D, vitu vyako viko kwenye Home basi yameisha. Herufi kubwa na ndogo inazitofautisha kwenye majina ya faili, yani Barua na barua kwake ni faili mbili tofauti, afu ukizipeleka zote kwenye flashi ya mtu inakuuliza kama ifute mojawapo, hapo uwe makini. Kinachouma ni vidole. Mi kwa miaka nimezoea F12 kwenye Word, unabonyeza inakuletea sehemu ya kusevu kwa jina jingine. Kwenye Writer, ambayo ndo Word ya LibreOffice, zile programu za bure za ofisi, F12 inaweka namba za orodha. Kwahiyo mteja kakaa pembeni anaangalia barua yake ya kuomba kazi, nabonyeza F12 kwa mazoea, aya ya "Husika na kichwa cha habari hapo juu" inaota namba 1, na yeye anauliza "dada hiyo namba ya nini?" Huku ni Ctrl+Shift+S. Kichwa kilijua siku hiyohiyo ila kidole kilikaa sana kabla hakijakubali.

Faili za Word ni habari ndefu. Watu wanasema LibreOffice inafungua docx, ni kweli inafungua, barua ya ukurasa mmoja huoni tofauti. Lakini iletee utafiti wa mwanachuo, wenye jedwali, picha za ramani, yaliyomo yaliyojitengeneza yenyewe, namba za kirumi kwenye kurasa za mwanzo, afu uone. Mashine ikikosa Times New Roman inaweka Liberation Serif ambayo upana wa herufi zake umepimwa uwe sawasawa na Times, Calibri inabadilishwa na Carlito vilevile, kwahiyo mistari haihami sana, na fonti zenyewe za Times na Arial unaweza kuziinstoli kihalali kuna kifurushi chake. Jedwali ndo linalokimbia. Na mwanachuo akiona sura ya nne imeanzia ukurasa wa 38 badala ya 37 anakuwa kama kafiwa, maana yaliyomo yake yanasema 37. Sheria niliyoweka pale kaunta ni moja, kazi ndefu ije PDF. Wengine wananuna, "sa mi nitaigeuzaje dada", namwambia humohumo kwenye simu yako, Word ya simu inafanya, nipe nikuonyeshe. Na upande wa pili, kazi ninayochapa mimi nimeiseti Writer isevu kama Word moja kwa moja, iko kwenye Options upande wa Load/Save, la sivyo mteja anaondoka na odt, faili la Writer, akifika ofisini kwake inaweza kufunguka imevurugika anarudi na maneno.

Flashi sasa. Hapa ndo pamenifundisha tabia mpya, na naona watu wengi wakielezea Linux wanapapita haraka. Ukikopi kitu kwenda kwenye flashi, ule mstari unajaa fasta sana, unaona imeisha, kumbe mashine bado imeshika sehemu ya mzigo kwenye kumbukumbu na inaendelea kuuandika taratibu nyuma ya pazia. Ukichomoa hapo faili linafika nusu au halifiki. Windows 10 za miaka ya mwisho zenyewe zilishaseti flashi kwa namna ya kuchomolewa harakaharaka, ndo maana watu wamezoea kuichomoa wanavyojisikia na haiwasumbui. Sasa wateja wa Nyegezi jamani, mtu ana gari la kuwahi stendi, akiona tu umeacha kubonyeza mkono wake ushafika kwenye flashi. Nimekuwa kama askari, "subiri kwanza, usiguse", nabonyeza kale kamshale ka kutoa, kinatokea kiujumbe kwamba bado inaandika, nasubiri kiseme sawa, ndo namkabidhi mwenyewe mkononi. Port za pembeni nimezigeuzia ukutani ili asiyefika asichomoe. Mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi, anakuja na salamu yake ya Kisukuma, mwangaluka, kila asubuhi, akaniambia siku hizi flashi yake naitoa kwa ibada.

Lakini hiyohiyo flashi ndo imenifanya nisijutie. Wenye steshenari wenzangu mnaijua virusi ya shotikati, mtu anachomeka flashi folda zake zote zimegeuka shotikati, akibonyeza ndo anaisambaza, na folda zake halisi zimefichwa, au zimesukumwa ndani ya folda moja lisilo na jina. Kwenye Mint ile alama ya kuficha ya Windows haina kazi kwenye flashi, kwahiyo folda halisi zinaonekana kama zilivyo, na pembeni yake unaziona zile shotikati zimevaa mkia wa lnk, na lile faili lenye mkia wa vbs au exe ambalo ndo mama yao, limekaa uchi kabisa. Hazitembei huku maana zimeandikiwa Windows. Nafuta, naacha folda za mtu, flashi imepona mbele ya macho yake. Kuna mwalimu alikuja ameshakata tamaa na mitihani ya darasa zima, nilivyomfungulia akaiona yote ipo hakuongea, akaenda duka la jirani akaniletea soda. Nisieleweke vibaya, haimaanishi Linux haina hatari yoyote, na faili lenye virusi ukilikopi bila kuangalia unampelekea mteja anayefuata ambaye yuko Windows, kwahiyo bado unakagua.

Kazi za mtandaoni sizisemei sana kwa sababu hapo hakuna cha kuzoea. Ajira Portal, mkopo wa HESLB, cheti cha kuzaliwa cha RITA, WhatsApp Web ambayo ndo nusu ya kazi zinakoingilia, vyote ni brauza na Firefox inakuja nayo tayari. Mteja hajui hata uko mfumo gani. Apdeti nazo zinakuja kwenye kale kangao ka chini kulia, unaziweka ukiamua wewe, nikiwa na bando la usiku nazishusha usiku, hainizimii mashine mteja akiwa kwenye foleni.

Kadi sasa ndo zimenishinda kuhamisha, na wala sioni aibu kulisema. Kadi za harusi, send-off, kipaimara, huku Mwanza kuanzia miezi ya katikati ya mwaka ndo hela ya kodi ya fremu, na templeti zangu zote ni za Publisher ambayo haipo Linux. Draw ya LibreOffice inafungua faili la pub kweli, ila maua yanahama, fonti za kuremba zinageuka, jina la bibi harusi linaenda kukaa juu ya ramani ya ukumbi. Photoshop nayo haipo, picha za pasipoti nazifanya kwa GIMP, nilinung'unika mwanzoni ila kubadilisha bakigraundi kuwa bluu sasa naifanya nikiwa naongea na mteja. Mwanzoni tuliacha mifumo yote miwili kwenye mashine ileile, unachagua ikiwaka. Tatizo lake moja la kijinga ni saa, Linux huwa inaiweka saa ya ndani ya mashine kwa majira ya kimataifa na Windows inaisoma kama ya hapahapa, na sisi tuko mbele kwa masaa matatu, basi kila nikirudi Windows saa inarudi nyuma masaa matatu na tovuti nyingine zinagoma kufunguka. Ukikutana nalo, kuna amri ya mstari mmoja upande wa Linux, timedatectl set-local-rtc 1, linaisha. Ila kuzima na kuwasha kila mteja wa kadi akija ni kuchoshana, nikatenganisha. Ya kaunta Mint peke yake, na deskitopu kuukuu kwenye kona ina Windows 10 na Publisher, haijaunganishwa na intaneti kabisa na haichomekwi flashi ya mtu yeyote zaidi ya yangu.

Kwahiyo mkiniuliza ningerudi, ya kaunta hairudi. Ila Microsoft wamesema Publisher nayo wanaacha kuihudumia baada ya Oktoba 2026, na ile ya kona haitaishi milele, kwahiyo nina kazi ya kujenga templeti upya kwenye Draw au Inkscape, programu nyingine ya bure ya kuchorea, kabla msimu haujachanganya. Msomaji yeyote mwenye kadi za send-off za kukunja mara mbili alizozitengeneza huko, zinazoprinti pande zote bila kupishana, aandike wiki ijayo alisetije karatasi. Mi nakosea kuanzia kwenye mkunjo.